Futi Tano na Nusu

Nyasubi, Kahama
3 Machi 2025

Mwalimu Sostenes, shikamoo.

Naitwa Melania Selestine, mwalimu mstaafu, na tangu Januari ni mratibu wa matukio wa Chama cha Historia na Malikale, tawi letu la Kahama. Hatujawahi kukaa meza moja, ila kijitabu chako cha Tanuru la Mwilongo nimekisoma mpaka kurasa zimeachia gundi.

Kamati ilikaa Jumapili nyumbani kwa Ramesh, mweka hazina wetu. Tumepitisha kwamba Wiki ya Malikale mwaka huu ifanyike pale pale kilimani Mwilongo, tarehe 10 hadi 12 Julai. Watakuja wanafunzi, watakuja wazee wa Walongo ambao babu zao walifua chuma, atakuja yeyote mwenye miguu. Ramesh ametoa jiwe jeusi la kumbukumbu. Maneno yamekwisha chongwa: TANURU LA CHUMA LA MWILONGO, LILIGUNDULIWA NA KUCHIMBULIWA NA. Palipobaki patachongwa jina siku yenyewe, fundi akiwa na patasi yake mbele ya watu.

Ombi letu ni hili. Mwaka 2003 ulilifukia tanuru ili mvua isilile. Tulifungue, watu walione, na wewe ushike mwiko wa mwisho. Ili niandae kazi vizuri naomba unijibu: ulichimba futi ngapi, chini yake kuna nini, na je, kuna aliyewahi kulifungua kabla yako? Unijibu kwa barua, tafadhali. Simu ninayo, lakini kauli ya mtu kama wewe si ya kupotelea hewani. Nataka kuitunza kwenye jalada.

Wako katika kazi ya chama,
Melania Selestine

*

Nyasubi
4 Machi 2025

Nkwabi mdogo wangu,

Nimeamua kukuandikia karatasi na kumpa bodaboda wa Bulyanhulu, kwa sababu simu yako anaishika Loveness. Wifi yangu nampenda, lakini ukimwambia jambo asubuhi, jioni kwaya nzima imekwisha lijua.

Nimemwandikia Sostenes. Ndiyo, yule yule. Hajui mimi ni nani. Anaona jina la marehemu mume wangu, haoni Bujiku, jina la baba.

Najua unayajua haya, lakini nayarudia kwa sababu wewe una kichwa cha kusahau na mimi sina. Baba ndiye aliyelikuta tanuru lile, mwaka 1984. Alilichimba na yule mtafiti wa chuo kikuu, mwiko kwa mwiko, akachora kila tabaka kwenye daftari. Mwaka 2003 Sostenes akaja nyumbani na mkate na kilo mbili za sukari, akaazima daftari kwa wiki mbili. Kabla mwaka haujaisha kijitabu kikatoka: michoro ya baba, jina la Sostenes, na ukurasa wa kumi na moja umeandikwa "kwa msaada wa vibarua wa kijijini." Baba akaenda kwenye mkutano wa chama kudai haki yake. Sostenes akasimama akasema mzee huyu ni kibarua, tena anauza vyungu vya kale kwa wageni. Wakamtaka atoe kadi yake ya uanachama. Akaitoa mfukoni mbele ya watu mia moja, mkono ukimtetemeka. Baba yetu hakuuza hata kigae!

Na tulipomzika, 2006, Sostenes alikuja. Alikula wali wetu. Akasimama kaburini akasema, "Tumempoteza kibarua hodari." Mimi nilikuwa nimekaa chini nimejifunika kanga, hakuniona uso. Neno lile limenikaa kooni miaka kumi na tisa. Halishuki na halitoki.

Sasa sikiliza. Madaftari yalikuwa mawili. Alilochukua Sostenes linaishia futi tatu, si kwa sababu tanuru liliishia hapo, ila kurasa ziliisha. Naye, kwa kuwa hakuchimba, aliparua juu juu tu apigwe picha, aliamini futi tatu ndiyo mwisho. La pili liko kwenye sanduku langu. Baba alifika futi tano na nusu, mpaka kwenye kishimo ambamo mababu walizika chungu cha dawa ili chuma kikubali kutoka. Na mstari wa mwisho unasema: "Kabla ya kufukia tumeweka chini kabisa sumni ya mwaka huu, kama tulivyofundishwa, ili ajaye ajue kwamba palikwisha chimbwa."

Sumni, Nkwabi. Senti hamsini ya mwaka 1984 iko chini ya tanuru la Sostenes.

Nikitoa daftari peke yake atasema nimeliandika juzi. Kwa hiyo kwanza ataandika kwa mkono wake na sahihi yake kwamba chini ya futi tatu hapajaguswa na mtu. Kisha mkono huo huo utaitoa hiyo sumni, watu wakitazama. Jina la kwenye jiwe litakuwa la baba. Sitaki aombe radhi. Nataka atoe kadi mfukoni.

Dada yako,
Melania

*

Bulyanhulu
16 Machi 2025

Dada Melania, mwangaluka.

Barua imefika ikinuka petroli. Loveness hajaiona. Nimeisomea chini kwenye duara letu, shimo la dhahabu, kwa tochi ya kichwani, wenzangu wakidhani nasoma mkataba wa kuuza mawe.

Hasira yako naijua, na sisemi huna haki. Yule mzee alitukosea. Lakini dada, nakuomba msichimbe mpaka chini. Mwonyeshe Ramesh daftari la pili. Ramesh ana akili, ataita kamati, jina la baba litaandikwa kwenye jiwe na mambo yataisha. Kuna vitu mtu anavifukia kwa sababu zake. Wenye Kiswahili chao wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sisi huku hatusemi, tunaona kila mwezi.

Tena kuna jambo la kazi. Udongo uliokwisha kuchimbwa haufanani na ule ambao haujaguswa. Hauna ubishi, jembe linazama lenyewe. Mchimbaji yeyote atalijua hilo kwa mkono kabla hamjafika hata futi nne. Usije ukafikiri ni siri yako peke yako.

Usinikasirikie. Huku mvua inatusumbua, maduara mawili yamejaa maji. Mtoto wa mwisho ameota meno.

Wabeja kwa kunisikiliza,
Nkwabi ng'wana Bujiku

*

Kalangalala, Geita
28 Machi 2025

Kwa Mratibu wa Matukio,
Tawi la Kahama.

YAH: KUFUNGULIWA KWA TANURU LA MWILONGO

Binti yangu, marahaba.

Barua yako ya tarehe 3 nimeipokea na kuisoma mara mbili. Ni faraja kuona bado wapo wanaojua thamani ya barua. Vijana wa siku hizi wananitumia picha za vidole.

Kuhusu jiwe, ninalipokea kwa unyenyekevu. Naomba tu fundi azingatie mambo mawili: neno "Mwalimu" lisisahaulike, na herufi za jina zisiwe ndogo kuliko za tanuru, maana wazee wenzangu macho yamepungua.

Kuhusu kufungua, sioni haja sana. Picha zipo. Goti langu la kulia nalo lina maneno. Kina cha tanuru kimeelezwa kwenye ukurasa wa kumi na moja, na aliyeandika ukurasa huo ndiye aliyechimba, kwa hiyo sijui ni kitu gani zaidi kinatafutwa.

Ni mimi,
Mwl. Sostenes
Mwenyekiti Mwanzilishi

*

Nyasubi
9 Aprili 2025

Mwalimu, shikamoo.

Jina lako fundi ameambiwa, na "Mwalimu" ipo. Herufi zitaonekana kutoka barabarani.

Sikutaka kukuletea maneno ya mitaani, lakini umri wako unastahili ukweli. Kuna wazee wa Walongo wanaopita wakisema tanuru lile lilifunguliwa zamani na mtu mmoja akiitwa Bujiku, na kwamba wewe ulikuta kazi imekwisha. Ramesh ameyasikia dukani kwake. Mwanakamati mmoja ameuliza waziwazi kama jiwe lisingesubiri mwakani.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Mwalimu, wazime. Andika kauli moja ya mwisho, ya kusomwa mbele ya watu siku ile: kama huyo Bujiku aliwahi kugusa chini ya tanuru, na kama kuna yeyote angeweza kuingiza kitu humo bila wewe kujua. Halafu shuka mwenyewe na mwiko, wakuone. Goti tutaliwekea gunia la pamba.

Wako,
Melania Selestine

*

Kalangalala
22 Aprili 2025

YAH: KAULI YANGU YA MWISHO KUHUSU MWILONGO

Binti yangu,

Umefanya vema kuniambia. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nimechoka kulisikia. Isomwe hivi:

"Mimi, Mwalimu Sostenes, natamka kwamba tanuru la Mwilongo nililigundua na kulichimbua mimi mwaka 2003, kwa kina cha futi tatu, ambacho ndicho mwisho wake. Chini ya hapo ni udongo ambao haujaguswa na mkono wa mtu tangu mababu. Huyo Bujiku namkumbuka: alikuwa kibarua wa kubeba maji, mwenye mkono mrefu kwa vitu visivyo vyake, na chama kilimwondoa kwa haki. Tangu mwaka 2006 eneo lina ua na kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwangu peke yangu. Ikitokea mtu akatoa chini ya futi tatu kitu chochote cha zama hizi, basi na nivuliwe uenyekiti na kadi yangu."

Nitashuka mwenyewe. Goti tutalipeleka hivyo hivyo.

Mwl. Sostenes
(sahihi)

NB: Nimekutazama kwenye picha ya kamati mliyotuma. Una sura ya mtu ninayemfahamu, ila jina limenipotea.

*

Nyasubi
30 Aprili 2025

Nkwabi,

Ameandika! Ameandika yote, na zaidi ya yote. "Mkono mrefu kwa vitu visivyo vyake." Nimeisoma nimesimama jikoni, chai ikachemka ikamwagika, nikaiacha imwagike. Kadi ameitaja yeye mwenyewe, sikumwomba. Mungu ana majibu yake.

Siku hizi nalala usingizi ambao sijaulala tangu msiba. Nimenunua kitenge kipya cha siku hiyo. Wewe uje na wanao wote, wakae mstari wa mbele. Wamwone mtu aliyemwita babu yao mwizi.

Melania

*

Bulyanhulu
11 Mei 2025

Dada,

Sitakuja. Usiniulize kwa nini. Nakuomba kwa kaburi la mama, ukishaipata hiyo sumni, fukieni. Msiendelee chini yake hata kidole kimoja.

Nkwabi

*

Nyasubi
14 Julai 2025

Nkwabi,

Nilitaka barua hii iwe ya furaha. Nitakupa kwanza furaha, kisha nitakupa yako.

Alhamisi na Ijumaa walichimba wanafunzi na akina mama wa Walongo, wakiongozwa na Mama Euphrasia, mjukuu wa wafua chuma. Walipopita futi tatu alishika udongo akausugua viganjani, akasema, "Hapa pana mtu kapita." Sostenes alikuwa kwenye kiti chake juu, akacheka. Akamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu.

Jumamosi, shimo likiwa limefika futi tano ili kuthibitisha kauli yake, watu walifika kama mia nne. Akashuka ngazi na suti yake ya kijivu, akapiga magoti kwenye gunia, akaanza kuparua kwa mwiko, mpiga picha akimfuata. Hakuparua sana. Kikalia kitu, tii. Akakiokota akakitazama, na nilimwona anataka kukitia mfukoni. Ramesh alikuwa ameinama pembeni akamnyang'anya, akakipangusa kwa shati, akavaa miwani. "Sumni! Ile ya sungura! Ya themanini na nne hii. Baba yangu alikuwa nazo kopo zima dukani." Watu wakacheka, wakidhani imemdondoka mwenyekiti.

Ndipo nikachukua kipaza sauti. Nikasoma barua yake yote, mpaka pale pa kadi, mpaka sahihi. Nikasoma zile futi tano na nusu na mstari wa mwisho wa daftari la pili. Kisha nikasema, "Mimi naitwa Melania binti Bujiku." Sostenes akaweka mwiko chini. Akaniangalia kutoka kule chini, na jina lililokuwa limempotea nadhani likamrudia.

Nikamwomba kadi. Akaitoa, mkono ukimtetemeka kama nilivyokuwa nimeuomba utetemeke. Alipotaka kupanda, goti likakataa. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na ngazi kuliko wote. Nkwabi, mikono yangu niliifunga nyuma. Alipanda peke yake, ngazi saba, nikizihesabu. Akaingia garini hakuaga mtu. Fundi akachonga: BUJIKU. Akina mama wakapiga vigelegele, nami nikapiga, na koo langu likafunguka.

Hiyo ndiyo furaha. Ilidumu kama nusu saa.

Wakati watu wanakula, Mama Euphrasia alikuwa anasafisha chini pale ilipokuwa sumni, akatoa kopo la majani ya chai lililofungwa nailoni. Akaniletea mimi kabla ya mtu mwingine kuliona. Ndani mlikuwa na karatasi, na juu yake imeandikwa KWA MWALIMU SOSTENES. Nikaificha kwenye kitenge kama mwizi. Nyumbani nikaifungua.

"Mwalimu Sostenes, kama unaisoma hii basi hatimaye umechimba mwenyewe. Pole kwa kazi. Sasa unajua futi hizi za mwisho zinavyouma mgongo. Sina neno na wewe tena. Daftari la pili ninalo. Njoo tukae, tukiandike upya kile kitabu, majina mawili, langu na lako. Mimi Bujiku, Novemba 2005."

Maneno ni ya baba. Mwandiko si wake. Herufi g ina mkia uliopindia nyuma, na mkia huo nilikuchapia viboko darasa la pili haukunyooka. Miaka ishirini ulijua! Uliniacha nikae na mwiba kooni miaka yote, kumbe baba alikuwa amekwisha samehe, na wewe ndiye karani wake. Umeninyima hata ushindi wangu. Nijibu, na usinijibu kwa meno ya mtoto.

Melania

*

Bulyanhulu
20 Julai 2025

Dada yangu,

Nipige ukitaka, nitakuja unipige.

Ni mimi niliyeandika. Mkono wa baba ulikuwa hauwezi tena kalamu. Wewe ulikuwa unafundisha Sumbawanga. Ua ulikuwa bado haujajengwa. Tulichimba siku nne, mimi ndani, yeye amekaa ukingoni akiniongoza: hapo taratibu, hapo tumia mkono. Alikuwa anacheka, dada. Tangu walipomnyang'anya kadi sikuwa nimemsikia akicheka. Sumni yake tuliikuta, tukachimba kidogo chini yake, tukaweka kopo, akairudisha sumni juu.

Nilimwambia tumpelekee Sostenes barua mkononi yaishe. Akasema hapana. "Akipelekewa atachukua, kama alivyochukua daftari. Akichimba mpaka hapa, atakuwa mtu mwingine." Akaniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe. Alisema, "Melania ana moto wangu wa ujanani, ataichoma."

Halafu akangoja. Miezi saba. Kila pikipiki ikilia njiani alitoka nje kutazama. Siku anayokufa aliniuliza kama kuna mgeni.

Kwa hiyo usifikiri mimi sina mwiba. Wangu una mkia wa herufi g.

Mpe barua yake, dada. Haikuandikiwa wewe.

Nkwabi

*

Nyasubi
18 Agosti 2025

Mwalimu Sostenes,

Safari hii sikuamkii. Utanisamehe au hutanisamehe.

Jiwe limekwisha simikwa. Lina jina moja, na "Mwalimu" haipo.

Siku ile uliondoka mapema. Chini ya sumni kulikuwa na kopo, na ndani ya kopo kulikuwa na barua yenye jina lako. Aliiweka baba yangu Novemba 2005, miezi saba kabla hujaja kula wali wa msiba wake. Mdogo wangu anasema nikuletee. Wiki nne nimeiweka mezani nikiitazama. Mara mbili niliiwashia kibiriti, na mara mbili nikakizima, kwa sababu baba alibashiri kwamba ningefanya hivyo, na sikutaka awe sahihi juu yangu.

Sitakuambia imesema nini. Nitakuambia hili tu. Ungechimba kweli, mwaka ule ilipowekwa, leo jina lako lingekuwa juu ya jiwe la Ramesh, limechongwa vizuri, pembeni ya jingine. Hakuna aliyekunyima. Ni mgongo wako uliogoma kuinama.

Barua yako nimeirudisha. Nilipanda Mwilongo mimi na Mama Euphrasia kabla tanuru halijafukiwa, nikaiweka na kopo lake, tukafukia. Ufunguo wa ua, ule uliousahau kwenye kufuli siku ile, nimeuacha dukani kwa Ramesh, na ameambiwa akupe wewe tu. Usije na mpiga picha. Usije na vibarua. Mama Euphrasia anaishi chini ya kilima na macho yake hayajapungua. Akiona mikono isiyo yako imeshika jembe, kopo litatolewa na kibiriti cha tatu sitakizima.

Kama huitaki, usije. Hata hilo nitalifurahia.

Melania binti Bujiku

*

Mwilongo
27 Septemba 2025

Melania binti Bujiku,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kifusi changu.

Ramesh alinipa ufunguo, hakunisalimia. Hii ni wiki ya tatu. Nachimba asubuhi kabla jua halijakaza, jioni nalala kwenye nyumba ya katekista. Goti nimelifunga kwa khanga ya mke wangu. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, sasa imekuwa migumu. Mama Euphrasia huja kusimama pale uani, ananitazama nikichimba. Juzi aliacha kibuyu cha maji akaenda zake.

Udongo huu nimeusugua viganjani kama yeye. Ni kweli, pana mtu alipita. Ningekuwa nimeushika mwaka 2003 ningejua siku hiyo hiyo. Sikuushika. Hilo nalisema hapa kwa kuwa hakuna wa kunisikia isipokuwa wewe, na wewe unalijua tayari.

Baba yako hakuuza vyungu. Hilo pia.

Jana nilifika futi tano na nusu alizoandika. Nimepima mara tatu. Sikukuta kopo. Nakuomba uniambie, nichimbe futi ngapi zaidi?

Sostenes

*

Nyasubi
2 Oktoba 2025

Mwalimu, shikamoo.

Tano na nusu zilikuwa za baba. Zilizobaki, mpaka kwenye kopo, ni zangu.

Chimba.

Melania